Kiyoyozi cha Kunguru

Tarehe 9 Januari

Kwako Breki,

Nakuomba radhi kwa kunyamaza tangu Oktoba. Sikukosa kalamu wala stempu. Nilikuwa natafuta maneno ya kukujibu ambayo mkeo anaweza kuyasoma kwa sauti mbele ya watu, na imenichukua miezi mitatu kuyapata.

Hapa tu wazima. Binti yangu anakusalimu, na mumewe pia. Pacha wao wameanza kujifunza kuogelea, kwa hiyo kila kiti ninachotaka kukalia kimelowa. Baridi ni kali, nami naipenda. Mpe kaka yangu salamu, na umwambie dawa ya macho hutiwa machoni; haiwekwi kabatini ikatazamwa.

Sasa tuje kwenye gari langu. Umeniandikia ukurasa mzima, tena kwa furaha, kwamba umeng'oa kiyoyozi chote cha Kunguru: kompresa, mabomba, rejeta yake ndogo ya mbele, feni yake, hadi swichi ya kwenye dashibodi. Palipokuwa na swichi umeziba kwa ile plastiki ya pinki unayotengenezea fizi za bandia. Unasema gari limepungua kilo thelathini na moja na sasa linapumua. Kilo hizo ulizipima kwa kitu gani? Kwa mizani ya bafuni, unasema, ukipanda na kushuka huku umekumbatia kompresa kifuani. Nimekagua mizani za wafanyabiashara kwa miaka thelathini na moja. Nimekuta mawe yaliyotobolewa na sahani zilizogandishwa nta chini yake, lakini wezi wale angalau walijua mizani ni nini.

Mgonjwa akiletwa kwako ana magego yote, humng'oi ili awe mwepesi wa kutembea. Na kama uzito ndio unaokukera, ungeanza na dereva. Suti ya harusi yako haijafungwa kifungo tangu siku ya harusi yenyewe.

Nilikuachia gari uliwashe mara moja kwa wiki na ulifunike turubai. Sikukuachia ulitengeneze. Mtu aliyefunga breki Jumatatu, na Ijumaa yake saa saba mchana gari hilo hilo likaingia katika geti la jirani na mimi nikiwa ndani, hana ruhusa ya kulisogelea na spana. Miaka mitatu sasa ukoo mzima unakuita Breki, na hawakuiti hivyo kwa mapenzi.

Narudi Juni. Unajua nyumba yangu ilivyo mbali na duka, mbali na zahanati, mbali na watu. Sitakaa barazani kungoja kubebwa kama gunia. Nitaendesha mwenyewe, na sitaendesha gari lisilo na ubaridi. Rudisha kila kitu mahali pake.

Shangazi yako


Tarehe 2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua imefika, na mke wangu ameisoma kwa sauti, kama ulivyokusudia. Amecheka pale penye suti. Baba hajambo, dawa ya macho anaitia, na nyingine anaitia kwenye shati. Mtoto wetu ameota jino. Mama yake anasema ndilo jino la kwanza katika nyumba hii ambalo sikulichonga mimi.

Kuhusu Kunguru, naona umekasirika, lakini hebu nieleze. Hili ni gari la spoti la milango miwili, lina miaka thelathini na minne. Aliyelibuni hakumfikiria mtu wa kukaa ndani yake kama nyama ndani ya friji. Kiyoyozi kilitundikwa baadaye na muuzaji, ili kuwafurahisha watu wasiopenda kutoka jasho mbele ya majirani. Ukikiwasha, gari likishika mlima hulia kama mzee aliyebebeshwa kabati. Sasa ukigusa mafuta linaondoka. Vijana wa pale karakana wamesimama kuliangalia, Shangazi, na hao hawasimami kwa lolote.

Dirisha lipo. Watu walifungua madirisha kabla hujazaliwa, na walifika walikokwenda.

Unasema unarudi Juni. Karibu sana. Ila pacha wa binamu yangu wana miaka saba, na sasa wanaogelea. Tuliambiwa ulikwenda kuwalea. Sijui unawalea wapi, labda chini ya maji, lakini hilo si langu.

Langu ni hili. Nilipofungua boneti nilikuta mkanda wa kompresa umekatika zamani. Kipande chake kimenasa kwenye bati la chini, na juu ya kipande hicho yamekaa magamba madogo ya rangi ya kijani, ile rangi ya geti la jirani. Kwa hiyo mkanda ulikatika kabla ya geti. Siku ile ubaridi haukuwa ukifanya kazi. Je, ulijua?

Mpwa wako


Tarehe 20 Februari

Kwako Breki,

Tumeamka salama. Binti yangu amebadilishiwa zamu kazini, kwa hiyo asubuhi nabaki peke yangu na redio ambayo siielewi. Mfikishie kaka yangu pole ya shati.

Sikukuuliza maoni yako kuhusu jasho. Nilikuagiza kazi. Kwa kuwa naona agizo la mstari mmoja limekushinda, nitalikata vipande kama chakula cha mwanao. Kusanya kila kitu ulichong'oa, kiweke juu ya meza, ukihesabu na kukiandika. Usikipime; umekwisha kutuonyesha jinsi unavyopima. Kisha umtafute fundi wa ubaridi, mtu mzima aliyesomea kazi hiyo, umpe vitu vyote na gari, ukae kando. Ukimwona anafanya jambo usilolielewa, ujue hapo ndipo anapofanya kazi.

Nakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na miwili ulifungua saa ya ukutani ya marehemu mama yangu ili uisafishe. Zilibaki skrubu tano juu ya meza na saa ikawa inakwenda kinyume. Ulitwambia umeiboresha. Nilidhani umri ungekusaidia.

Katika orodha ya vitu unavyojisifu kuving'oa umetaja mahali ulipoviweka vyote isipokuwa kompresa. Mabomba yako stoo, rejeta iko chini ya kitanda, feni iko kwa baba yako. Kompresa iko wapi?

Shangazi yako


Tarehe 30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na meno mengi mwezi huu. Inaonekana watu wote wa mtaa wamekubaliana kupoteza ya mbele. Baba anakusalimu. Mtoto anatambaa, na kila anachokikuta anakiuma.

Kompresa ipo, na inafanya kazi kila siku. Usisome haraka. Septemba nilimpa fundi wa pancha wa pale njia panda. Ameifunga kwenye mota ya umeme juu ya kipande cha mbao, na anajazia upepo matairi. Nilikwenda kuidai. Alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula muhogo, hata hakuinuka.

"Hiyo ni ya shangazi yangu," nikamwambia.

"Mwambie shangazi yako ana kitu kizuri. Jana imejaza trekta."

"Naitaka, bwana. Ni ya kutia baridi kwenye gari."

"Ukitaka baridi, nenda ukakae pale kwenye kivuli. Mimi nina wateja."

Mwishowe alinipa, kwa sharti kwamba nimchongee mkewe meno mawili. Nikaipeleka kwa fundi wa ubaridi pamoja na kila kitu, kama ulivyoagiza. Ni mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, karakana yake safi kuliko kliniki yetu. Aliyageuza mabomba, akachungulia ndani kwa tochi, akanusa.

"Nani aliacha midomo ya mabomba wazi?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Septemba."

"Hukuziba hata kwa kitambaa? Hata kwa gazeti? Unyevu umeingia humu miezi saba. Hii kompresa nayo inatema mchanga. Ilikuwa inafanya nini, kulima?"

"Ilikuwa inajaza matairi."

"Kazi yako wewe nini?"

"Meno ya bandia."

Alinitazama sana. "Ushukuru kwamba wateja wako hawana ya kwao ya kuharibu," akasema.

Basi umefurahi. Nikuongezee: ile feni niliyoing'oa ilikuwa inasaidia kupoza injini pia. Bila feni hiyo, kwenye foleni mshale wa joto unapanda mpaka juu, na mara mbili nimesimama kando ya barabara boneti wazi, vijana wa karakana wamesimama kuniangalia. Hao hao.

Lakini kuna la pili. Kwa kuwa gari lilikuwa juu ya mawe, nilifungua magurudumu yote manne nikaangalia breki. Wewe uliliweka tu gari pale baada ya geti na hakuna aliyezigusa breki zake. Pedi ni zile zile nilizofunga Jumatatu ile, hazijaliwa. Mafuta ya breki yamejaa mpaka kwenye mstari. Hakuna bomba lililopasuka. Fundi wa ubaridi alikanyaga pedali mwenyewe na akasema yuko tayari kuwapandisha watoto wake humo.

Nilikuuliza kuhusu mkanda, hukunijibu. Nakuuliza tena. Mkanda ulipokatika, ulijua?

Mpwa wako


Tarehe 14 Aprili

Kwa Breki,

Haya yanaandikwa na binti yangu kwa maneno yangu, kwa kuwa mkono wangu una kazi nyingine. Hatujambo.

Sihojiwi na mtu aliyejaza trekta upepo kwa kiyoyozi changu. Tafuta kompresa nyingine. Mwambie yule fundi akuzuie mlangoni. Narudi Juni tarehe kumi.

Shangazi


Tarehe 28 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Baba hajambo, mtoto hajambo, mke wangu hajambo.

Mwandiko wa binamu ni mzuri kuliko wako, ila najua kwamba tangu utoto wangu hukuwahi kumwachia mtu mwingine akuandikie hata orodha ya sokoni. Mkono wako una kazi gani?

Fundi amepata kompresa kwenye gari kama letu lililokufa kwa kutu. Mabomba mapya yako njiani. Anaweza kumaliza kwa siku nne. Nimemwambia asubiri. Kiyoyozi hakirudi mpaka unijibu swali langu, na usipojibu nitaziba matundu yote ya dashibodi kwa plastiki ya fizi, yakutabasamie.

Harusi tatu na msiba mmoja, Shangazi. Kote huko nimekaa nikisikia mtu akisema, "Usipande na huyo, uliza geti." Mjomba wa mke wangu alikataa hata nimshike mkono kushuka ngazi. Umekaa pale pale, kifua mbele, unatafuna, hukusema neno. Ukiwa na la kusema, sasa ndio wakati wake, na uliandike kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni baya.

Mpwa wako


Tarehe 17 Juni

Kwa mpwa wangu,

Juni imefika nami bado niko hapa. Nimeandika mistari hii kwa siku tatu, kwa sababu ambayo utaiona. Usinihurumie, huruma yako sijaiomba, na mwandiko wangu hata ukiwa hivi unasomeka kuliko wako.

Breki zilikuwa nzima.

Nilijua mkanda umekatika. Ulikatika asubuhi ile nikiwa njiani kwenda benki. Niliusikia ukipiga bati, na hewa ikaanza kuja ya moto. Nilifungua madirisha, yale unayoyasifu. Wakati wa kurudi foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa juu ya paa. Nilipofika kona yetu, mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya mafuta na haukutoka. Niliuambia utoke. Nilikuwa nautazama pale chini kama ninavyoweza kutazama mguu wa mtu mwingine. Kisha geti.

Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Nilikuwa nao miaka miwili kabla ya siku ile. Mwili ukipata joto, miguu inalegea na mikono inatetemeka, ukipoa, nguvu zinarudi. Ndiyo maana nilinunua gari lenye ubaridi, na ndiyo maana niko huku. Pacha hawakuhitaji mlezi. Jambo hili alilijua binti yangu peke yake.

Nilitoka nimeshikilia mlango. Nikakuona unakuja mbio, mikono yako myeupe kwa unga wa meno, na kabla hujafika nilikwisha sema: breki. Ulipiga magoti kando ya tairi, ukaniomba radhi. Nikakuacha uombe. Nilidhani kesho yake nitasema, kisha wiki ijayo, kisha jina likakushika. Mtu aliyezikagua mizani za wengine kwa miaka thelathini na moja hapendi iliyo mbovu ikutwe chumbani kwake. Hiyo ndiyo sababu yote, na naiona ni ndogo kama unavyoiona wewe.

Usidhani haya yamekupandisha cheo. Kiyoyozi umekiharibu wewe, tena kwa ujinga ambao hakuna aliyekufundisha. Plastiki ile ni aibu. Mizani ya bafuni sitaisahau.

Nimejipima hapa kila siku kwa miezi minane, nikaandika. Chini ya nyuzi ishirini na mbili mguu wangu unatii mara zote. Daftari ninalo. Nikiwa ndani ya ubaridi mimi ni dereva kuliko wewe na vijana wako wote wa karakana. Rudisha kiyoyozi, ili nirudi nyumbani kwangu. Mwonyeshe kaka yangu barua hii. Mimi sitaweza kumwambia kwa simu.

Shangazi yako


Tarehe 6 Julai

Shikamoo Shangazi,

Baba ameisoma barua. Aliisoma mara mbili, ya pili bila miwani, akauliza, "Breki, huu ni mwandiko wake kweli?" Ndivyo alivyoniita. Jina limeganda, nadhani nitazikwa nalo. Kisha akaenda kwa jirani, akakaa huko mpaka saa kumi, na aliporudi hakutaka chai. Wengine wa ukoo utawaambia mwenyewe. Mimi si tarishi wako.

Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia matusi, na mengine yalikuwa mazuri. Mke wangu ameyahifadhi. Sikuandika. Nilikuwa na hasira ya miaka mitatu, na ukaijibu kwa kunieleza aibu ya plastiki ya fizi. Unaomba msamaha kama mtu anayetoa risiti. Lakini nimeipokea.

Kiyoyozi kimerudi. Nilishika taa tu, kama ulivyoamuru. Fundi hakuniruhusu hata kumpa spana. Mabomba mapya, kompresa ya yule marehemu wa kutu, feni mahali pake, mkanda mpya. Alifyonza hewa yote ndani ya mabomba kwa saa nzima kabla ya kutia gesi, kisha akaweka kipimajoto kwenye tundu la dashibodi. Kimesoma nyuzi sita. Nimeandika hapa ili umfurahishe mkaguzi aliye ndani yako.

Sasa nisikilize, maana hapa sitanii. Huo mkanda mpya nao ni mkanda. Daftari lako linasema ukiwa ndani ya ubaridi mguu unatii. Halisemi ubaridi ukikatika ghafla, saa saba mchana, kwenye kona, una dakika ngapi. Hilo hukulipima. Ulifunga maduka ya watu kwa gramu hamsini, Shangazi, na hili hukulipima.

Jirani alimwambia baba jambo ambalo hakuwahi kutwambia. Siku ile mkewe alikuwa nyuma ya geti anaanika nguo. Aliingia ndani kufuata vibanio. Gari lilipoingia alikuwa jikoni, ndoo yake imebaki pale pale alipokuwa amesimama. Jirani tulimwona amenuna, tukadhani amekasirikia geti.

Kwa hiyo sikuletei jibu leo. Nimemwandikia binamu anitumie maneno ya daktari wako, ya daktari mwenyewe, si ya daftari. Nimemwomba fundi aniambie kama kuna namna ya kuweka kengele itakayolia mara mkanda ukikatika. Amesema atafikiria, na kwamba wazo hilo ni la kwanza la maana kutoka kwangu. Gari liko chini ya turubai, funguo ziko mfukoni mwangu, na hata baba hazipati.

Wewe ulichukua miaka mitatu kujaza kurasa mbili. Mimi sitachukua muda huo, lakini usinisukume. Ukirudi utapanda Kunguru, na ndani kutakuwa na ubaridi, hilo limekwisha. Lililobaki ni nani kati yetu atakayekaa kwenye usukani. Siku nitakayoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mpwa wako